Foleni ya Wasiolala

Mwaka ule sukari ilipotoweka Koboko, chuo kikuu cha Kampala kilimtuma daktari aje kutuuliza kama tunalala.

Sifanyi mzaha. Mzaha una wakati wake, na mimi, kwa ushahidi wa walimu wangu wote, naujua wakati huo kuliko ninavyoijua aljebra. Daktari mwenyewe aliitwa Okuonzi, mtoto wa wakulima wa Ajia, mtu mrefu mwenye miwani na suruali iliyopigwa pasi kwa bidii, ingawa pasi yenyewe ilionekana kukata tamaa mahali fulani chini ya magoti. Alikuwa amesomea maradhi ya akili. Alitaka kujua ni watu wangapi upande wetu wana huzuni iliyopita kiasi, ili siku moja zahanati zetu ziwe na mtu wa kuwasikiliza na dawa ya kuwapa. Ilikuwa nia njema kabisa. Nilimwonea huruma tangu mwanzo.

Tulikutana Arua, siku shule zilipofungwa. Shule yetu ya bweni iko upande wa Ombaci, na likizo ikifika kila mtu hujitafutia njia ya kurudi kwao. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya Koboko na sanduku langu la bati, nimevaa uso wa yatima, uso ambao umenifikisha mbali maishani. Land Rover ikasimama.

"Unajua Kinubi?" aliuliza mwenye miwani.

"Ndicho nilichonyonyea, mheshimiwa."

"Na Kiswahili?"

"Cha vitabuni na cha kambini, vyote viwili."

"Basi panda. Utanifasiria."

Tukapita Manibe, mihogo huku na huku, na vumbi letu likitufuata kama mdai. Daktari akanieleza taabu yake. Alikuwa ametembea Arua nyumba kwa nyumba na karatasi zake za maswali, akiuliza: Je, unalala vibaya? Je, unalia kuliko kawaida? Je, unahisi uchovu muda wote?

"Arua nzima inalala," alisema bila furaha. "Hakuna anayelia. Hakuna aliyechoka. Nimemuuliza mtu ambaye nyumba yake iliungua wiki hiyohiyo. Anasema alhamdulillah. Jirani yake anasema Mungu asifiwe. Ukisoma karatasi zangu utadhani hakuna watu wenye raha kama sisi Afrika nzima."

"Labda ndivyo ilivyo, mheshimiwa."

Akanitazama. "Wewe unaamini hivyo?"

Mbele yetu kulikuwa na kizuizi barabarani. Askari mmoja alichungulia ndani, akatazama sanduku langu, akatazama miwani ya daktari, akatuacha tungoje juani bila sababu, kisha akapunga mkono. Hakuna aliyesema neno mpaka kizuizi kilipotoweka nyuma ya kona.

"Hapana, mheshimiwa," nikajibu.

Nyumbani nilimkuta dada yangu Kaltumu palepale nilipomwacha likizo iliyopita, kwenye kigoda kando ya mlango wa ua, uso umeelekea barabarani. Alikuwa amekonda hata bangili zake zilishuka hadi kwenye vidole alipoinua mkono kunisalimu. Akaniuliza habari za shule. Nilipokuwa nikimjibu lori lilipita, na nikaona kwamba hanisikilizi tena.

Mume wake, Fadhul, alikuwa dereva wa malori ya jeshi katika kambi moja ng'ambo ya Nile. Alikuwa shemeji wa kufaa: alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, na siku moja aliniazima kofia yake ya kijeshi niwatishe nayo watoto wa jirani, akajificha nyuma ya choo acheke vizuri. Mwaka uliopita alitoka kambini na lori akiwa na wenzake, na lori likarudi. Baadaye rafiki yake aitwaye Tombe, alipokuja likizo, alisimama kando ya cherehani ya baba sokoni, akajifanya anapima suruali, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Nasur, msimngoje." Kisha akaenda zake bila suruali.

Baba alimwambia haboba, yaani bibi yetu, Kulusum. Kaltumu alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, akasikia. Kufikia jioni Koboko yote ilikuwa inajua, na Koboko yote ikakaa kimya.

Kwetu Wanubi mwanamke akifiwa na mume hujulikana la kufanya. Anafunikwa nguo nyeupe, anakaa eda nyuma ya pazia, wanawake wanakuja kulia naye, na wanaume wanasoma Kurani uani. Kisha inafanywa karama: watu wanakula na kunywa chai kwa ajili ya marehemu. Lakini kwanza lazima mtu mmoja afungue kinywa aseme kwamba fulani amekufa. Na mwaka ule askari aliyepotea hakuwa amekufa. Alikuwa kazini. Kusema amekufa ni kusema kwamba unajua kitu, na aliyejua kitu alifuatwa na gari.

Baba yangu si mwoga, ila ana watoto. Kwa hiyo watu walipomuuliza kwa kuzungukazunguka, "Mzee Nasur, hata karama kidogo?" yeye alijibu, "Karama bila sukari? Niwape watu chai chungu, wanitukane? Tungoje sukari."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Lilikuwa jibu la adabu. Lilimfaa aliyeuliza na aliyejibu. Kule mjini kila mtu alikuwa na jambo lake linalongoja sukari. Ila Kaltumu hakuwa na pa kujificha nyuma ya jibu hilo. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Hakulala usiku, na mchana hakulala pia. Tuliacha kumwachia jiko kwa sababu mara mbili alianguka kando ya moto.

"Ataenda hivihivi mpaka atamfuata," haboba aliniambia siku ile niliyofika, akipepeta mtama kana kwamba mtama ndio wenye makosa. "Msichana anataka kulia tu. Kulia! Hata mbwa akifiwa na mtoto iko lia, na hakuna mutu anamkamata."

"Mwambie baba, haboba."

"Nimemwambia. Anasema sukari. Nikisikia hiyo neno tena nitamtia yeye ndani ya kikombe nikoroge."

Kesho yake kazi ya sayansi ilianza. Mkuu wa gombolola, yaani tarafa yetu, Bwana Lino, alimpa daktari baraza la duka kubwa lililokuwa la Mhindi. Wahindi walipofukuzwa duka lilipewa mtu mwenye cheo, naye aliuza kila kilichokuwamo mpaka zikabaki rafu. Daktari akaweka meza, kiti cha mhojiwa, kiti chake, na gogo la kukalia mfasiri. Nikaketi kwenye gogo langu kwa heshima zote.

Wa kwanza alikuwa Mzee Lado, sajini mstaafu aliyepigania Waingereza huko Burma. Daktari akauliza kama anahisi uchovu muda wote. Mzee Lado hakumtazama daktari, alinitazama mimi.

"Hamuza, mwambie: mutu akikuuliza kama umechoka, iko na kazi anataka kukupa. Mimi sichoki."

Nikafasiri. Daktari akaandika: hapana.

Akaja Mama Hawah, ambaye alikuwa muuza mandazi enzi za unga. "Mimi iko lala kama gogo," alisema. "Nageuka mara moja tu, na hiyo ni kwa sababu ya mzee."

"Unalia kuliko kawaida?"

"Nalia nini? Kitunguu hakuna."

Daktari akaandika: hapana. Akaja mke wa fundi baiskeli, akaulizwa kama kazi za kila siku zimekuwa mzigo kwake. "Kazi gani?" alisema. "Sabuni hakuna, sifui. Sukari hakuna, sipiki chai. Mafuta hakuna, sikaangi. Nimepumzika sana. Asante kwa serikali." Akatazama kulia na kushoto alipotaja serikali, akaongeza sauti, "Asante sana!"

Hapana, hapana, hapana. Niliona mkono wa daktari ukiandika polepole zaidi kila mara, kama mkono wa mwanafunzi anayenakili adhabu. Mnamo saa nne alisimamisha kazi, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akatoa mkobani kopo dogo, akalifungua. Ilikuwa sukari. Akachota kijiko, akakoroga, mbele ya macho ya watu, bila haya. Nadhani hakujua alichokuwa anafanya. Barabara yote ilinyamaza. Mbuzi mmoja alisimama.

Mchana, tulipofunga kazi, nilimfuata Mama Hawah hadi kwenye kibanda chake. Sikuwa na njama kubwa. Nilikuwa nimechoka kusema hapana kwa niaba ya watu ambao nyuso zao zilisema ndiyo. Na nilitamani kicheko. Tangu nifike nyumbani sikuwa nimecheka.

"Mama Hawah," nilisema kwa sauti ya imamu, "hii ni siri ya hospitali. Ile sukari ya daktari ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya huzuni. Wataalamu wamegundua kwamba mtu asiyelala amepungukiwa sukari mwilini. Atakayeonekana halali, analia, hana hamu ya kazi, atapewa."

"Wallahi?"

"Si umemwona yeye mwenyewe anavyoinywa? Ni mgonjwa sana, maskini. Lakini usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mimi?" alisema Mama Hawah, tayari anajifunga kanga kwa safari.

Asubuhi iliyofuata foleni ilitoka barazani, ikapita kwa kinyozi, ikafika karibu na msikiti. Koboko ilikuwa imeugua usiku mmoja. Wapo waliojipaka majivu chini ya macho. Fundi baiskeli alikuja na mkongojo ambao jana hakuwa nao, na mke wake alikuwa akimshika mkono upande usiofaa. Binti mmoja alijitia pilipili kidogo kwenye kope ili machozi yawe tayari, akakosea kipimo, ikabidi akaoshwe.

Wa kwanza, bila shaka, alikuwa Mama Hawah.

"Mimi silali. Tangu Waingereza waondoke sijafumba jicho."

"Jana alisema analala kama gogo," daktari aliniambia.

Nikafasiri. Mama Hawah hakuyumba. "Jana nilikuwa usingizini, sikujua nasema nini."

"Je, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?"

"Nasikia, nasikia sana."

"Zinasema nini?"

Mama Hawah akafumba macho ili asikilize vizuri. "Zinasema kilo mbili."

Nilifasiri neno kwa neno, kama nilivyofundishwa na wamisheni kuheshimu ukweli. Daktari akaweka kalamu chini. Alitazama foleni yote ile inayougulia juani, kisha akanitazama mimi.

"Hamuza. Kuna nini hapa?"

"Huenda hali ilibadilika usiku, mheshimiwa."

Hakucheka. Nilitarajia angenifokea, lakini alivua miwani tu akajisugua macho, na bila miwani alionekana kijana aliyekuja safari ndefu kutafuta kitu, akapewa kwanza uongo wa aina moja, kisha uongo wa aina nyingine. Alianza kukusanya karatasi zake. Kabla hajamaliza Mzee Lado alikuwa ameshaketi kitini, kofia mkononi.

Mzee Lado alikohoa kwanza. Kilikuwa kikohozi cha maandalizi. "Usingizi hakuna," alisema.

"Kwa nini?" daktari aliuliza, akiwa amesimama.

"Goti." Akaonyesha goti. Kisha akaliangalia goti lile kana kwamba ni la mtu mwingine, na akaendelea, na sauti ilikuwa imebadilika. "Nalala nasikia gari. Kila gari. Nasema, hii iko kuja kwangu. Inapita. Nasema, alhamdulillah. Halafu naanza kuuliza, imekwenda kwa nani? Na mimi nimesema alhamdulillah. Naona haya mpaka asubuhi."

Nikafasiri. Daktari akaketi.

"Burma nililala," Mzee Lado alisema. "Mizinga inalia, na mimi nalala. Hapa nyumbani kwangu silali." Akavaa kofia, akaivua tena. "Hii si ya sukari. Ya sukari ni goti. Hii mwambie aandike pembeni."

Sijui niieleze vipi asubuhi ile. Walikuja kudanganya, wote, na walianza kwa uongo waliouandaa nyumbani: kichwa kinauma, tumbo, mashetani. Uongo uliisha upesi, na nyuma yake kulikuwa na jambo lingine limesimama kwenye foleni tangu zamani. Fundi baiskeli alisema habari ya ndugu yake. Mke wa fundi, yule aliyepumzika sana, alisema kuna siku hukaa mbele ya jiko lisilo na moto mpaka watoto wanamgusa kuona kama yu hai. Na kwa kuwa kila mtu aliyemaliza angeweza kushuka ngazi akiwaambia wenzake kwa sauti kubwa, "Nimemdanganya daktari, nitapata sukari!" hakuna aliyeona aibu. Walikuwa na pa kujificha.

Kazi ya mfasiri ni kusema "mimi." Hilo sikulifikiria nilipopanda Land Rover. Mimi silali. Mimi naogopa. Mimi nilisikia wakimpiga nikafunga dirisha. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimechoka uchovu ambao sikuwahi kuupata hata katika kulima shamba la shule kwa adhabu, na ucheshi wangu wote ulikuwa umenikimbia. Niliinua macho nione ni nani anayefuata, nikamwona dada yangu.

Kaltumu alikuwa amevaa viatu. Nijuavyo mimi, hakuwa ametoka uani kwetu tangu habari ile ifike. Watu walikuwa wamempisha bila kuambiwa. Akaketi kitini, akaweka mikono magotini ili bangili zisidondoke.

"Huyu ni nani?" daktari aliuliza.

"Dada yangu, mheshimiwa."

Akanitazama kidogo, kisha akauliza swali lake la kwanza, nami nikaligeuza Kinubi. "Unalala vibaya?"

"Silali."

"Tangu lini?"

"Tangu Tombe aliposema na baba."

Hapo nikamwona baba. Mtu alikuwa amemkimbilia sokoni. Alisimama chini ya ngazi za baraza, utepe wa kupimia shingoni, uzi umeshikana kwenye shati.

"Kaltumu," alisema. "Nyumbani."

Dada hakugeuka.

"Kaltumu, binti yangu. Njoo twende nyumbani."

"Niulizie," dada aliniambia mimi. "Muulize daktari, sukari anatoa lini."

Nikamfasiria daktari. Nilitamani ardhi ipasuke. Daktari, ambaye hata leo sijui alikuwa amekwishaelewa kiasi gani, aliinama mbele akasema polepole, "Muulize anataka sukari ya nini."

"Ya karama," alisema Kaltumu.

Neno hilo sikulifasiri. Halikuhitaji. Baba alipanda ngazi moja, akasimama.

"Ya nani?" daktari aliuliza.

Niliuliza. Ni mimi niliyeuliza, kwa mdomo wangu, mbele ya watu wa Koboko na mbele ya barabara inayopita magari. Ingekuwa rahisi kusema kitu kingine. Daktari hakujua Kinubi, ningeweza kumuuliza dada kama kichwa kinamuuma. Lakini yeye alikuwa ananitazama, na siku nyingi zilikuwa zimepita tangu anitazame kweli.

"Kaltumu, karama ya nani?"

"Ya mume wangu," alisema, si kwa sauti kubwa. "Fadhul amekufa."

Mwislamu akisikia habari ya kifo kuna maneno lazima ayaseme, awe mwoga, awe shujaa, awe na deni na marehemu au hana. Hayangoji ruhusa ya mtu. Mama Hawah ndiye aliyeanza, majivu yakiwa bado chini ya macho yake: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Mzee Lado akavua kofia, akayasema. Fundi baiskeli, mke wake, binti wa pilipili, kinyozi kutoka mlangoni kwake. Maneno yalishuka kwenye foleni mtu kwa mtu mpaka nikayasikia mbali kule karibu na msikiti, kwa watu ambao hawakuona chochote, wameambiwa tu kwamba yupo aliyefariki. Wakristo waliokuwamo walijifanyia ishara ya msalaba.

Baba alikuwa bado kwenye ngazi ya kwanza. Watu wote walikuwa wameshasema isipokuwa yeye. Akautoa utepe shingoni, akauzungusha kwenye vidole vyake polepole, kama afanyavyo jioni akifunga kazi, akautia mfukoni.

"Inna lillahi," alisema baba yangu, "wa inna ilayhi rajiun."

Hapo ndipo Kaltumu alipolia. Sitaeleza kilio hicho. Wanawake walimzunguka, mmoja akamvua bangili, mwingine akaleta kanga nyeupe iliyotoka sijui wapi, wakamchukua nyumbani katikati yao, na foleni yote ikageuka ikawafuata. Fundi baiskeli alisahau mkongojo.

Tulibaki wawili barazani, daktari na mimi.

"Niandike nini?" aliuliza. "Siwezi kupeleka hii Kampala. Jana wote ni wazima, leo wote ni wagonjwa. Ni wewe uliyewaambia habari ya sukari?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Aliangalia karatasi zake muda mrefu. "Profesa wangu atasema nizichome," alisema. Hakuzichoma. Alizifunga kwa kamba, akachukua kopo lake, akanikabidhi. "Mpelekee mama yako."

"Sina mama. Nina haboba."

"Basi yeye."

Haboba Kulusum alilifungua kopo, akanusa, akatazama umati uliojaa uani. "Hii ya wazee watatu wenye meno mabaya," alisema. "Wengine watakunywa kavu. Mutu asipotaka, aende akalie kwao." Wakanywa kavu. Hakuna aliyemtukana baba.

Alasiri gari lilisimama nje ya ua. Wasomaji wa Kurani hawakuacha kusoma, ila kila mmoja alipunguza sauti akidhani mwenzake anaendelea. Aliyeingia ni Bwana Lino, mkuu wa gombolola, peke yake, jasho likimtoka. Alisimama katikati ya watu.

"Nani ametangaza?" aliuliza.

Baba akaanza kuinuka. Haboba alimtangulia, akiwa na birika mkononi. "Mungu," alisema. "Kaa chini, Lino, nilikuogesha wewe ukiwa mtoto."

Bwana Lino alitazama uso wa kila mtu, na uso wa kila mtu ulikuwa umechoka vilevile. Nadhani na wake pia. Akavua viatu, akaketi mkekani, akapokea chai chungu. Hakuna aliyeuliza Fadhul alikufaje. Swali hilo halikuwamo katika karatasi za daktari, na pale mkekani pia halikuwa na wa kuliuliza.

Sitasema dada alipona. Nyuma ya pazia alilia, akanyamaza, akasinzia, akashtuka akiita, akalia tena, na ndivyo ilivyokuwa siku zile zote. Lakini kigoda cha mlangoni haboba alikichukua akakitumia kukatia nyama, na Kaltumu hakukiulizia.

Daktari Okuonzi alikuja siku ya tatu kutoa rambirambi, kabla ya kurudi Arua. Alikuja na nia ya kukaa kidogo. Wanaume wakamsogezea mkeka kando ya pazia, mahali penye kivuli. Alikunja miguu yake mirefu kwa shida, akainamisha kichwa kwa heshima wakati wa kisomo, na kichwa hakikuinuka tena. Miwani ikateleza hadi kwenye ncha ya pua. Kisha akaanza kukoroma, si kidogo, bali kwa sauti ya Land Rover inayopanda mlima, na wasomaji walikuwa katikati ya Yasini.

Mzee Lado akanyoosha fimbo yake amguse begani. "Huyu ndiye anatuuliza kama tunalala," alinong'ona.

"Nani huyo anakoroma?" Sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Ni daktari," nikajibu.

Nilisikia shuka ikisogea.

"Mwacheni," alisema Kaltumu. "Amechoka. Hamuza, mletee mto, atavunjika shingo."

Tangu mwaka uliopita dada yangu hakuwa amenituma kitu. Nikainuka nikaenda kutafuta mto.